Ratili Ishirini

Mwezi uliopita nilikwenda Kwihara kumzika Maganga, na kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka nikachekeshwa msibani, jambo ambalo mtu wa umri wangu hafanyiwi. Binti yake mkubwa alikuwa akinimiminia maji ninawe mikono. Akainama, akaninong'oneza, "Bibi Hawa, ni kweli marehemu baba alikuwa anakupima kwenye mizani ya asali?" Nikamwambia ni kweli. "Alikuwa anasema ulikuwa unafumba macho mpaka ushuke." Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na wanawake waliokuwa karibu wakanisogezea leso wakidhani uchungu umenizidi. Ulikuwa umenizidi kweli. Katika mji mzima wa Tabora, watu walioujua uzito wangu nilipokuwa na miaka ishirini na wakautunza moyoni bila kunicheka walikuwa wawili, Maganga na Sista Magdalena. Sista alitangulia siku nyingi. Sasa hayupo hata mmoja.

Kwa hiyo nimeona niuandike mwaka ule mimi mwenyewe, kabla wajukuu hawajausimulia vibaya. Wajukuu zangu hupunguza mwili kwa simu. Juzi mmoja wao alinionyesha mwanamke anayeahidi kilo kumi ndani ya wiki mbili, kwa maji ya tangawizi na nia. Nikamwambia, huyo mwanamke mimi namjua sana, nilikuwa yeye. Hakunielewa, akaendelea kusogeza kidole kwenye kioo. Sikumlaumu. Hata mimi mwaka ule hakuna aliyenieleza nikaelewa, mpaka nilipoanguka mbele ya sufuria ya pilau ya watu.

Ulikuwa ni mwaka mmoja katika ile ya mwanzo baada ya Azimio, redio ikizungumza kutwa, na vipimo vya Mwingereza vikianza kuondoka kimoja kimoja. Maili zilikuwa zinakwenda, kilomita zinakuja. Ratili zinakwenda, kilo zinakuja. Mimi nilikuwa nakaa mtaa wa Ng'ambo kwa shangazi yangu, Shangazi Tatu, katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Jiko lilikuwa uani chini ya paa la bati, na toka alfajiri lilinuka vitumbua, kwa sababu Shangazi alikuwa mpishi wa vitumbua na mimi nilikuwa mikono yake. Yeye alikaa kwenye kigoda mbele ya kikaango. Nilikoroga, nilichota maji, nilipeleka na kurudisha. Magoti yake yalikuwa mabaya tangu nimjue. Aliishi kati ya kitanda, kigoda na baraza, na dunia nzima ilimfuata pale pale barazani kumpa habari. Alikuwa mnene, mimi nilikuwa mnene zaidi, na kwa macho yake hiyo ilikuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Watu wakimpongeza kwa vitumbua alijibu asante. Wakimpongeza kwa ajili yangu alisema, "Huyo nimemlea kwa samli," akanipiga kofi la mahaba mgongoni, likasikika mpaka kwa jirani.

Basi serikali ikatangaza nafasi za wasaidizi wa afya, vijana wa kwenda kwenye vijiji vipya vya ujamaa kufundisha watu kuchemsha maji, kuchimba vyoo na kupima watoto. Nilizitaka nafasi zile kama nisivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimesoma, najua kuandika barua nzuri, na nilikuwa nimechoka kuwa mikono ya mtu, hata mtu ninayempenda. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza karatasi, nikapita. Ya pili baiskeli, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ni ya baiskeli: kutoka mjini mpaka Kwihara na kurudi, kisha daktari akupime. Kuendesha nilijua toka shuleni. Nikaenda vizuri mpaka kwenye mchanga, pale njia ya zamani ya misafara inapolainika kama unga. Hapo nikashuka, nikasukuma hatua chache, moyo ukanipiga masikioni, nikakaa chini pembeni ya njia na sikuinuka tena. Msimamizi wetu, bwana mmoja aliyekonda kama ufito, akarudi na baiskeli yake akanitazama. "Dada," akasema, "watu wa vijijini watakungoja, au itabidi waje wakubebe?" Wenzangu walicheka. Nilirudishwa mjini kwenye mkokoteni wa punda uliobeba viazi, nimekaa juu ya magunia, na njia nzima watu walinisalimia.

Hospitalini daktari alifunga ule mkanda wa presha mkononi mwangu, akautazama, akaufunga tena. Kilo tisini na sita, presha juu. Hakunikaripia. Alisema, "Punguza mwili, binti. Awamu nyingine iko baada ya miezi kumi. Presha ikishuka na njia ile ukaimudu, nafasi yako ipo." Muuguzi aliyekuwa akikunja mkanda, Sista Magdalena, mwanamke mfupi wa Kinyamwezi mwenye rozari mfukoni, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Njoo unione siku ya Alhamisi," aliniambia mlangoni. Sikwenda. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hataki msaada, anataka muujiza.

Nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa barazani na wageni wawili, wanakunywa kahawa na kashata. Wote walikwishapata habari za mkokoteni. Ningenyamaza ingekuwa salama. Lakini mmoja wa wale wanawake akasema kwa upole, "Mwanangu, kazi za baiskeli si za watu wenye miili ya heshima," na huo upole ndio ulionichoma. Nikatangaza pale pale, nimesimama, kwamba kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama nitakuwa nimepunguza kilo thelathini. Ramadhani ilikuwa mbele kwa wiki sita.

"Kilo ndiyo nini?" akauliza Shangazi.

"Kipimo kipya cha serikali."

"Basi kipya kipunguze vipya," akasema, akijimiminia kahawa. "Nilivyoweka mimi humo ni vya zamani. Havitoki."

Wakacheka mpaka kashata zikaanguka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimevua mbele ya mashahidi. Kilo thelathini! Nimefanya kazi ya afya maisha yangu yote na mpaka leo nikiikumbuka ile namba nafunika uso. Ule ni karibu mzigo mzima wa mpagazi wa misafara, ule waliokuwa wakiubeba begani mpaka pwani, na mimi nilitaka kuutua ndani ya siku arobaini. Nikaanza siku ile ile. Asubuhi maji ya ndimu, mchana maji ya ndimu, jioni kipande cha muhogo. Nilikaanga vitumbua nikiwa nimeziba pua kwa upande wa khanga. Siku ya nne nilianza kuota ugali. Siku ya saba nilimgombeza paka. Siku ya tisa jirani yetu alikuwa anaoza bintiye, nikaitwa kusaidia kupika, nikapewa mwiko mrefu nikoroge pilau. Nakumbuka harufu ya bizari, nakumbuka mvuke ukinipanda usoni, kisha nakumbuka nipo chini na Shangazi, aliyebebwa juu ya kiti kutoka barazani, ananimwagia maji ya sukari mdomoni. Nilipofungua macho nilikula. Nilikula nusu ya sinia iliyokuwa ya wazee wa bwana harusi, kwa mkono, nimekaa mavumbini, na hakuna aliyethubutu kuniondolea.

Baada ya hapo Shangazi alichukua usukani. Sijawahi kumwona mtu akiogopa vile. Alikwishaamini nina kifua, ule ugonjwa ambao hautajwi kwa jina ndani ya nyumba. Ikaja supu ya kongoro asubuhi, uji wa karanga saa nne, wali na samaki wa migebuka wa Kigoma mchana, matobolwa, vile viazi vya kukausha, na maziwa jioni, na kijiko cha samli kabla ya kulala kama dawa. Nikikataa, alikuwa hagombi. Alikaa tu pembeni ya mkeka na kunitazama. Siku moja akasema, bila mimi kumwuliza, "Mama yako alianza hivi hivi. Alikonda kidogo, tukasema atapona. Akakonda tena. Kisha tukamfunika sanda." Sikujua hilo. Nilikuwa mtoto mchanga. Nilichukua bakuli nikamaliza uji wote, na kwa wiki nyingi nilimaliza kila alichoniletea, kwa sababu sasa nilijua ninakula kitu gani.

Miezi miwili ikapotea hivyo, Ramadhani ikiwemo, maana Shangazi alisema mgonjwa hafungi. Ndipo Alhamisi moja, baada ya Idi, nikajikokota mpaka kwa Sista Magdalena. Mizani ya hospitali ikasema tisini na nane. Nilimsimulia yote, ndimu, pilau, samli, akanisikiliza huku akiviringisha bandeji. Akauliza, "Nani alikwambia upunguze kilo thelathini?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi huyo usimsikilize tena. Niambie ulikula nini jana."

Nikamtajia: chai, chapati moja, mchana ugali na mlenda, jioni wali kidogo. Nilijivunia. Kilikuwa ni chakula cha mtu wa wastani.

"Hicho ulikula umekaa," akasema. "Sasa nitajie ulichokula umesimama."

Jamani. Kitumbua cha kwanza cha kuonja chumvi. Cha pili cha kuonja sukari. Vilivyovunjika, kwa sababu mvunjiko hauuzwi na hautupwi. Ukoko wa wali niliokwangua sufuriani. Karanga nilizotafuna nikizichambua. Mchuzi nilioramba kwenye kiganja, mara tatu, mara nne. Mpishi wa kwetu hajihesabii amekula mpaka akae mkekani na kusema bismillahi. Vyote vya kabla ya hapo ni kazi. Nilikuwa nakula chakula cha mtu wa wastani nikiwa nimekaa, na cha mtu mwingine mzima nikiwa nimesimama. Sista hakucheka. Alisema, "Mimi mama yangu alikuwa mpishi wa wamisionari. Nawajua ninyi."

Akanipa masharti matatu, na alikataa kuongeza la nne hata nilipoomba. Nisile nikiwa nimesimama. Nikitaka kuonja, nikae, nile, nihesabu. Sukari ya chai iwe kijiko kimoja badala ya vinne. Na kila asubuhi niende kwa miguu au kwa baiskeli mpaka pale nitakapochoka, kisha nirudi. Kesho yake nifike pale pale, nisizidishe mpaka wiki iishe. Halafu akasema, "Kilo mbili kwa mwezi. Miezi nane imebaki. Ukinijia umepungua tano nitakufukuza." Nilikaribia kulia. Mbili! Mbuzi mwenyewe hupungua mbili akikosa mvua. Lakini ndivyo alivyosema, na siku ile ile akaniambia anahamishiwa zahanati ya kijijini kwa miezi mitano, kwa hiyo nitafute mizani mahali, nijipime mara moja kwa mwezi, na akirudi nimletee habari.

Mizani ilikuwa kwenye ghala la ushirika, njiani kwangu, pale walipopokea asali na nta kutoka kwa warina wa porini. Ilikuwa mizani kubwa ya chini, yenye ubao wa kusimamishia madebe na mkono wa chuma wenye kijiwe cha kusogeza. Mpimaji alikuwa Maganga, kijana wa Kwihara, mlokole wa Moraviani, mrefu, na nyuki walikuwa wakimtembelea shingoni kama jamaa zake. Nilimkuta peke yake asubuhi.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, dada. Umeleta asali?"

"Nimejileta mimi."

Nilipomweleza alinitazama, akatazama mizani, akasema, "Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, frasila mbili begani, na ilibidi kwanza akazitafute. Wewe mwenzetu mzigo unao tayari." Utani wa kwao huo, na nilimjibu wa kwetu, ambao siuandiki. Kisha nikampa sharti langu. Nilikwishapimwa mara mbili hospitalini na kila mara namba ilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Nikamwambia nitafumba macho, yeye asogeze kijiwe, aikumbuke namba moyoni, asinitajie kamwe. Mwezi ujao aniambie tu imepungua ngapi. "Sawa," akasema. "Panda. Simama kama debe, usitingishike." Nikapanda juu ya ubao unaonata, katikati ya madebe mawili ya asali, nimefumba macho kama mtu anayechanjwa ndui.

Mwezi wa kwanza akasema, "Nne." Nilidhani sikusikia vizuri. Nne! Sista aliomba mbili. Mwezi wa pili tano, wa tatu tatu, wa nne na wa tano nne nne. Nilikuwa nafuata masharti kwa uaminifu, hilo sitaki mtu anidhulumu. Niliweka kigoda changu jikoni mkabala na cha Shangazi, na kila nilipotaka kuonja nilikaa kama mgeni, nikala, nikanyanyuka. Siku ya kwanza nilikaa mara kumi na nne. Shangazi alidhani namfanyia mzaha. "Unacheza ule mchezo wa watoto wa kugombea viti?" akauliza. Baada ya mwezi nilikuwa nakaa mara tatu, kwa sababu inachosha kuinuka. Asubuhi, mwanzoni, nilifika mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi. Wiki iliyofuata mpaka kwenye reli. Baadaye nikaazima baiskeli ya mwalimu jirani, na uso wa Shangazi ukawa mgumu zaidi kila nilipoitoa uani. Alikuwa akiniwekea chakula kingi vile vile, na nilipobakiza alikifunika kwa kawa, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mchuuzi mmoja mjane aliyekuwa akinitupia jicho alituma mtu kuuliza kama naumwa. Shangazi alimjibu mjumbe yule, "Haumwi, amepata shetani wa kizungu," na jioni ile hakuongea nami neno lolote. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa kiasi kile kile.

Lakini kichwani nilikuwa nimelewa. Nne na tano na tatu na nne na nne: ishirini. Kilo ishirini ndani ya miezi mitano! Niliwaambia wale wageni wa kahawa. Niliwaambia wateja. Nilimwambia mwalimu mwenye baiskeli. Nikaanza hata kuwapa watu ushauri, na hakuna mtu anayechosha kama aliyekonda jana. Wanawake wawili wa mtaani walikuja kuniuliza siri, nami, Mungu anisamehe, niliwaambia mbili kwa mwezi ni za wavivu.

Sista aliporudi mjini nilikwenda kama bibi harusi, nimevaa gauni nililolipunguza kwa mkono wangu. Nilipanda mizani ya hospitali macho wazi. Akasogeza. Akasoma, "Themanini na tisa."

"Soma tena."

"Themanini na tisa, Hawa."

Tisini na nane kutoa themanini na tisa. Kila mtu aliyesoma darasa la pili anaijua. Tisa. Nilishuka nikakaa kwenye benchi la wagonjwa na kulia kwa sauti, nikisema Maganga kanidanganya, mizani imenidanganya, nimejitesa miezi mitano kwa kitu nusu, na kwamba sasa hivi nikitoka hapa nakwenda kula sufuria nzima. Nilikuwa namaanisha. Sista aliningoja nipumue. Akauliza polepole mizani yenyewe ni ya aina gani, ya zamani au mpya. Nikasema ya zamani. Akatikisa kichwa, na ndipo nilipoona kwamba anajizuia kucheka mpaka machozi yanamtoka.

"Ratili," akasema. "Mwanangu, ulikuwa unapungua ratili. Kilo moja ni ratili mbili na ushei."

Ningekubali kutajiwa jumla hata siku moja tu, ningesikia mia mbili na kitu na ningejua mara moja hizo si kilo. Maganga naye alidhani najua, kwake vitu vyote duniani vilikuwa ratili, na nilipomwendea na ukali wangu alisema tu, kwa mshangao wa kweli, "Kilo? Dada, mizani hii haijui kilo. Kilo zinakuja na mizani mpya." Aibu yangu ndiyo iliyonifumba macho, na mtu aliyefumba macho halaumu njia.

Lakini nililotaka kuliandika hasa ni lile lililofuata pale benchini. Sista alikaa kando yangu na kunishika kidole kimoja kimoja, kama anamfundisha mtoto. "Nilikwambia ngapi kwa mwezi?" Mbili. "Miezi mingapi imepita?" Mitano. "Mara mbili?" Kumi. "Na umepungua?" Tisa. Akaniachia mkono. "Sasa unalilia nini? Hujakosa isipokuwa moja. Katika wagonjwa wangu wote niliowapa maagizo, wewe ndiye wa kwanza aliyefanya nilichomwambia, na umefanya kwa bahati mbaya, ukidhani unafanya kikubwa zaidi." Kisha akachukua mkanda, akanipima presha, akanionyesha sindano ilipotua. Ilikuwa imeshuka. Sikuwa nimeiuliza hata mara moja miezi yote mitano, na ndiyo iliyokuwa imenifukuzisha. Nilijifuta uso kwa khanga. Nilihisi nimepumbazwa na nimeokolewa kwa pamoja, na nilianza kucheka, na Sista naye akaachilia kicheko chake, mpaka mgonjwa mmoja akatuomba tupunguze.

Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba kusahihisha. Wale wanawake wawili wa siri niliwaambia, mbili kwa mwezi, na mbili ni nyingi. Shangazi nilimwambia mwisho. Nilitegemea atanicheka mwezi mzima. Aliuliza tu, "Na presha?" Nikamwambia imeshuka. Aligeuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili, akasema, "Mama yako alikuwa hajisikii njaa. Wewe unasikia?" Nikasema nasikia, Shangazi, nasikia kila siku. "Basi," akasema. Usiku wa siku ile aliniwekea chakula pungufu kidogo tu kuliko kawaida, pungufu ya upawa mmoja, nami nilikila chote.

Miezi mitatu iliyobaki ilinipa kilo tano tu. Siku ya mtihani nilikuwa themanini na nne, bado mnene kuliko wasichana wote pale, na yule bwana msimamizi alinitambua, nikaona amenitambua. Tulitoka asubuhi kukiwa na baridi. Kwenye mchanga nikashuka. Moyo ukanishuka pia, nikasema imekwisha, mpaka nilipoinua kichwa nikaona wote wameshuka, hata wembamba, hata yeye msimamizi mwenyewe, wanasukuma. Ule mchanga hakuna aliyewahi kuupita juu ya baiskeli. Mwaka wa kwanza nilidhani nimeshindwa pale waliposhinda wengine; kumbe tofauti ilikuwa wao walisukuma hadi ng'ambo ya pili wakapanda tena. Nikasukuma. Nilifika Kwihara, nikageuza, nikarudi mjini wa tatu kutoka mwisho, na daktari aliponifunga mkanda alisema, "Hii inafaa."

Shangazi nilimkuta mbele ya kikaango. Nikamwambia nimechukuliwa, Jumatatu lori la serikali linatupitia barabara kubwa, tunakwenda kufundishwa katika kijiji kipya upande wa Isikizya. Hakuinua uso. "Nilijua," akasema. "Toka ulipoacha sukari nilijua. Watu wanafikiri naogopa ukonde. Mwanzoni niliogopa hilo, sikatai. Halafu nikaona unanawiri, nikaanza kuogopa utaweza." Nilimshika bega. Akaniambia nisimmwagie unga. Akaniambia pia kwamba hatanisindikiza, magoti hayafiki, tutaagana pale pale uani na nisimfanyie vituko.

Tukaagana uani. Jirani akanibebea sanduku. Lori lilichelewa, likaja, tukapanda, likaondoka polepole kwa sababu ya mashimo, na mimi nilikuwa nimeshika ubavu wa nyuma nikitazama mtaa wetu unavyopita. Kwenye kona, penye duka la mshona viatu, nyumba kumi na moja kutoka mlangoni kwetu, alikuwa amesimama Shangazi Tatu. Sikuwahi kumwona pale. Hakuna aliyewahi kumwona pale. Alikuwa ameegemea ukuta kwa mikono yote miwili, anahema, khanga imemlowa jasho mgongoni, na aliponiona alianza kucheka kama msichana. Nilimwita. Akaachia ukuta mkono mmoja na kuuinua juu.

"Hawa!" akapiga kelele juu ya mngurumo wa lori. "Mwezi uliopita nilianza na nyumba mbili!"